Kalenda, historia au kioo: uusomeje unabii wa Biblia ukitaka ugeuke wewe?

Kikundi chetu cha kujifunza Biblia kiliwahi kukaa miezi mitatu kwenye pembe kumi za yule mnyama wa nne wa Danieli sura ya 7. Tulizichora ubaoni, tukazipachika majina ya wafalme, tukayafuta, tukapachika mengine. Muda wote huo wawili kati yetu walikuwa hawasemezani kwa ajili ya deni. Walikaa pande mbili za chumba, kila mmoja na Biblia yake imefunguliwa, wakivutana juu ya ile pembe ndogo yenye macho kama ya mwanadamu. Chaki nilikuwa nimeishika mimi. Habari za deni lile nilikuwa nazijua, ila niliona hazihusiani na somo.

Siku hizi mtu akiniuliza vitabu vya manabii avianzie wapi na avisomeje, mimi humuuliza kwanza: unataka unabii ukufanyie nini? Maana njia za kuusoma ni zaidi ya moja, na kila njia ina kitu inachokupa na kitu inachokunyima. Hapa nazilinganisha tatu. Sitajifanya sina upande. Kwa mtu anayetaka unabii umfikie moyoni na kumgeuza, naiona njia ya kioo kuwa ndiyo bora, lakini kwa masharti mawili, na masharti hayo nimejifunza kwa hizo njia nyingine mbili.

Njia zenyewe

Wasomi wa kitabu cha Ufunuo kwa kawaida hutaja makundi manne ya wafasiri. Wapo wanaosema mengi yalitimia katika karne ya kwanza. Wapo wanaoyaona yakitimia hatua kwa hatua katika historia yote ya kanisa. Wapo wanaosema mengi bado yako mbele. Na wapo wanaosoma maono yale kama picha za vita vya wema na uovu vinavyorudi kila kizazi, hata ndani ya mtu mmoja. Kwa msomaji wa nyumbani nayapunguza kuwa matatu, kwa kuangalia lile swali analolibeba anapofungua Biblia. Msomaji wa kalenda anauliza: haya yatatokea lini? Msomaji wa historia anauliza: waliambiwa akina nani, na kwa nini? Msomaji wa kioo anauliza: hapa nasemwa wapi mimi?

Kalenda

Njia hii nimeisoma kwa miaka mingi na siwezi kuidharau. Ina kitu kikubwa: inamwamini Mungu kuwa anatenda kweli katika ulimwengu huu wa nje, wenye majeshi na masoko na magereza, wala haiufanyi unabii kuwa mawazo mazuri tu. Mtu anayesubiri hukesha. Tena manabii wenyewe walitoa hesabu mara nyingine. Yeremia aliandika miaka sabini, na hakuiandika kwa mafumbo.

Tatizo linaonekana katika yale ambayo hesabu imewafanyia watu. Mkulima mmoja wa Marekani, William Miller, alizichukua zile siku 2,300 za Danieli 8:14, akazihesabu kuwa miaka kuanzia mwaka 457 KK, akafika karibu na mwaka 1843. Wafuasi wake mwishowe wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ikapita, na wengi walilia mpaka asubuhi. Wengine waliacha imani, wengine walirudi kwenye Maandiko kuchunguza upya, na katika uchunguzi huo ndimo lilimozaliwa kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Karibuni zaidi, mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alitangaza 21 Mei 2011, kisha 21 Oktoba mwaka uleule. Machi 2012 alikiri hadharani kwamba kutangaza tarehe ilikuwa kosa na dhambi. Nilimheshimu kwa kukiri, ila nilijiuliza juu ya waliotumia akiba zao zote wakisubiri.

Hata hivyo kushindwa kwa tarehe silo jambo linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni kwamba kalenda inaweza kukupa maarifa mengi bila kukudai chochote. Tazama sura za 28 na 29 za Yeremia, ambako manabii wawili wanatoa tarehe mbili. Hanania anasema miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Yeremia anasema sabini. Umati uliipenda ipi? Miaka miwili haikudai kitu, kwani unaweza kukaa na mizigo yako imefungwa. Sabini ilikuja na maagizo: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni watoto, uombeeni amani mji uliowateka. Hesabu ya Yeremia ilikuwa kwa ajili ya kubadilisha namna watu watakavyoishi kesho yake asubuhi. Kwa hiyo hata pale unabii unapotoa tarehe, tarehe yenyewe ni chombo cha kazi nyingine.

Historia

Njia ya pili inaanza na heshima kwa watu waliosikia maneno haya kwanza. Inakuambia kwamba Ezekieli alikuwa mateka kando ya mto Kebari, kwamba Danieli anaeleweka zaidi ukimjua mfalme Antioko Epifane aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK, kwamba miji saba ya Ufunuo ilikuwa miji halisi yenye mitaa na wafanyabiashara. Inapofika kwenye 666, namba ya mnyama katika Ufunuo, inakuonyesha kwamba jina Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania na kuhesabiwa thamani za herufi hizo linatoa 666, na kwamba likiandikwa kwa namna ya Kilatini, bila herufi moja ya mwisho, linatoa 616, namba ambayo kweli imo katika baadhi ya nakala za kale za kitabu hicho. Mtu aliyeogopeshwa kwa miaka kwamba kadi fulani au namba fulani ya serikali ndiyo chapa ya mnyama hupata pumzi akijua hilo. Kwa mtu wa namna hiyo njia hii ni dawa.

Inatibu pia ugonjwa wa kunyakua mistari. Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini, unabandikwa ukutani na kupewa wahitimu kila mwaka. Barua ile ilikwenda kwa watu waliochukuliwa mateka mwaka 597 KK, ikiwaambia kwamba marejeo ni baada ya miaka sabini. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 siku inasomwa angekuwa na 100 siku ya kurudi. Wengi wa waliosikia ahadi ile walijua watazikwa Babeli. Tumaini lao lilikuwa la wajukuu. Ukiusoma mstari ukiwa na makaburi yao mbele yako, hautakuwa tena ahadi kwamba mtihani wako utafaulu, lakini utakuwa na uzito ambao bango la ukutani haliwezi kuubeba.

Udhaifu wake nitausema kwa ufupi: unaweza kuyajua yote hayo na kubaki mgeni. Unapita katika Biblia kama anayepita katika nyumba ya makumbusho, unasoma vibao, unatoka ulivyoingia.

Kioo

Anza na Yona. Nabii anaingia Ninawi na ujumbe mfupi kuliko wote: "Baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa." Hakuna "msipotubu" ndani yake, wala hakuna sharti. Siku ya arobaini na moja Ninawi bado ulikuwa umesimama. Kwa kipimo cha kalenda, huu ni unabii uliokosea. Kwa kipimo cha Biblia ni unabii uliofanya kazi kuliko karibu nyingine zote, kwa sababu mfalme alishuka katika kiti chake cha enzi na mji mzima ukaiacha njia yake mbaya.

Kuna jambo katika Kiebrania cha mstari ule ambalo lilinisimamisha nilipolijua. Neno lililofasiriwa "utaangamizwa" linatokana na kitenzi *hafakh*, kupindua, kugeuza. Ndicho kitenzi kinachotumika Sodoma ilipopinduliwa, kwa hiyo tafsiri haikukosea. Lakini ndicho hichohicho Samweli anachomwambia Sauli atakapokutana na kundi la manabii: "nawe utageuzwa kuwa mtu mwingine." Na ndicho Mungu anachokitumia juu yake mwenyewe katika Hosea 11:8, "moyo wangu umegeuka ndani yangu." Yona alitangaza kwamba Ninawi utapinduliwa. Nao ulipinduka, ila si kwa namna aliyoisubiri akiwa amekaa chini ya kibanda chake upande wa mashariki.

Yeremia anaieleza kanuni hii wazi katika sura ya 18, nyumbani kwa mfinyanzi: taifa likitajiwa kuangamizwa kisha likageuka, Mungu anaghairi, likitajiwa kujengwa kisha likaharibika, anaghairi vilevile. Basi unabii kwa asili yake humlenga msikilizaji ili afanye kitu. Nathani hakumwambia Daudi habari ya mwana-kondoo wa maskini ili Daudi aifasiri. Daudi aliifasiri vizuri sana, akakasirika kwa haki, akatoa hukumu sahihi, na bado hakuwa ameisikia mpaka alipoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Wako wanaodhani usomaji huu ni mtindo wa juzi. Origen wa Aleksandria, katika karne ya tatu, alipohubiri juu ya Yeremia 1:10, mstari unaosema nabii amewekwa juu ya mataifa na falme ili kung'oa na kubomoa, kuharibu na kuangamiza, kujenga na kupanda, aliwaambia wasikilizaji wazitafute falme hizo za uovu ndani ya nafsi zao. Hesabu vitenzi vile: vinne vya kuvunja, viwili vya kujenga. Aliyewahi kujaribu kuacha tabia ya miaka ishirini anaujua uwiano huo bila kufundishwa. Miaka kama mia mbili baadaye, mtawa John Cassian alieleza kwamba jina Yerusalemu linaweza kusomwa kwa namna nne: mji wa Wayahudi, Kanisa, mji wa mbinguni, na nafsi ya mtu. Angalia kwamba mji wenyewe hakuufuta. Aliuacha wa kwanza.

Na Ufunuo wenyewe, kabla ya taa, mihuri na baragumu, unasema heri kwa asomaye na wasikiao "na kuyashika yaliyoandikwa humo." Unashikwa. Utabiri wa mvua haushikwi, unasubiriwa tu. Kinachoshikwa ni agizo.

Barua ya Laodikia kwa macho matatu

Nadhani ulinganisho unaeleweka zaidi njia zote zikipewa kurasa zilezile. Chukua Ufunuo 3:14–22, barua kwa Laodikia, ile ya uvuguvugu.

Msomaji wa kalenda aliyezigawa barua saba kuwa vipindi saba vya historia ya kanisa atakuambia Laodikia ni kipindi cha mwisho, yaani kanisa la siku hizi. Nimesikia mahubiri mengi ya namna hiyo na mwenyewe nimeyatoa. Kila mara, waliokuwa vuguvugu walikuwa kanisa la jirani.

Msomaji wa historia atakupeleka mjini. Laodikia ulikuwa mji wa fedha na sufu nyeusi, ukapigwa na tetemeko la ardhi mwaka 60 BK, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba ulijiinua kwa mali zake wenyewe bila msaada wa Roma. Sasa sikiliza barua: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Ukijua habari ya tetemeko, sentensi hiyo ina sauti ya mtu halisi. Hawa ni watu walioanguka wakasimama wenyewe, na wanalikumbuka hilo kila wanapopita mbele ya majengo yao mapya.

Msomaji wa kioo asiyepita kwenye historia atasema uvuguvugu ni kukosa moto katika ibada, hivyo aongeze sauti, aongeze mfungo. Akipita kwenye historia kwanza, kioo kinamwonyesha uso mwingine kabisa. Uvuguvugu wa barua hii ni wa mtu aliyeumia, akajiokoa mwenyewe, na tangu hapo hamruhusu yeyote amsaidie, hata Mungu. Ndiyo maana barua inaishia na mtu aliyesimama nje anabisha: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Mlango umefungwa na mtu mwenye uwezo, asiye na haja ya kitu. Hapo ndipo niliposemwa mimi, maana nilitoka katika miaka yangu migumu kwa nguvu zangu na niliuhesabu ukaidi ule kuwa imani.

Hili ndilo sharti la kwanza la kioo: usikitazame kabla hujajua neno lilisemwa kwa nani. Historia inakisafisha. Waraka wa pili wa Petro unayaweka mambo haya mawili karibu mno kiasi kwamba ni vigumu kuyatenganisha. Katika 1:19 neno la unabii ni taa mahali penye giza mpaka nyota ya asubuhi izuke "mioyoni mwenu", na mstari unaofuata unaonya kwamba unabii haufasiriwi kama apendavyo mtu fulani tu. Moyoni, ndiyo. Kwa kupenda kwako, hapana.

Bonde la mifupa la Ezekieli 37 linathibitisha jambo hilohilo kwa haraka zaidi. Maono yenyewe yanajifasiri: mifupa ni nyumba yote ya Israeli, watu wanaosema, "Mifupa yetu imekauka, matumaini yetu yametupotea." Kwanza ni taifa lililouawa na vita na uhamisho, na atakayeruka hapo anawaibia watu hao machozi yao. Lakini ukishawapa haki yao, angalia mpangilio: mifupa inakaribiana, mishipa, nyama na ngozi vinaifunika, "lakini haikuwa na pumzi ndani yake." Bonde zima la miili iliyokamilika, imelala. Nabii anaambiwa atabiri mara ya pili, safari hii kwa upepo. Katika Kiebrania pumzi, upepo na roho ni neno moja. Najua miaka kadhaa ya maisha yangu ambayo ilikuwa kati ya kutabiri kwa kwanza na kwa pili, kila kiungo mahali pake.

Pale ambapo kioo kinaumiza

Sasa sharti la pili, na hapa lazima nikaze sauti kidogo dhidi ya njia ninayoipenda.

Ukisoma Ufunuo 18, anguko la Babeli, kuna orodha ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wanazililia: dhahabu, fedha, mawe ya thamani, kitani, hariri, pembe, shaba, mdalasini, uvumba, mvinyo, mafuta, ngano, kondoo, farasi. Orodha inaishia na miili na roho za wanadamu. Watu walikuwa wakiuzwa. Babeli ile ilikuwa Roma, mji wa vilima saba, na waliokuwa chini yake waliiona kila siku kwa macho. Ukimwambia mtu aliyenyang'anywa ardhi yake, au aliyeuziwa mwanawe kazi ya utumwa, kwamba Babeli ni kiburi kilichomo moyoni mwake, umemfanyia ukatili kwa kutumia Biblia. Yeye anahitaji kusikia kwamba Babeli iko nje, kwamba ina majina na anwani, na kwamba Mungu ataiangusha. Kwa saa kama hiyo msomaji wa kalenda yuko karibu na ukweli kuliko mimi.

Kosa jingine ni la hila zaidi. Kutazama ndani kunaweza kuwa tamu. Mtu anasoma, analia, anaandika shajara nzuri, anajisikia amegeuka, na nyumbani hakuna aliyeona tofauti. Ezekieli aliambiwa hivyo kuhusu wasikilizaji wake katika sura ya 33: wanakuja, wanaketi mbele yako, wewe kwao ni kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti tamu na kinanda, wanasikia wala hawatendi.

Yohana Mbatizaji alikizuia kishawishi hicho mapema. Alikuja na maneno ya Isaya 40, kila bonde litajazwa, kila mlima utashushwa, maneno yanayojiuza yenyewe kwa usomaji wa moyoni. Makutano wakamuuliza, tufanye nini basi? Hakuwapa zoezi la kutafakari. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru, msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Askari, msimdhulumu mtu, mtosheke na mishahara yenu. Bonde lililojazwa lilikuwa mtu asiye na kanzu.

Danieli alifanya vivyo hivyo katika sura ya 4, na nadhani ndiyo sura bora ya kumfundishia mtu njia ya kioo. Nebukadneza anaota mti mkubwa unaokatwa. Danieli anaufasiri: mti ni wewe, ee mfalme. Kisha anafanya jambo ambalo sisi wenye chaki tulikuwa hatulifanyi. Haachii kwenye tafsiri. Anamshauri mfalme aache dhambi zake kwa kutenda haki na maovu yake kwa kuwahurumia maskini, huenda raha yake ikaongezwa siku. Mfalme anapata miezi kumi na miwili. Mwisho wake anatembea juu ya jumba lake na kusema, je, si huu Babeli mkubwa nilioujenga mimi? Tafsiri alikuwa nayo mwaka mzima.

Kwa hiyo sharti la pili: usomaji wako wa ndani uwe na jina la mtu mwingine na siku. Kama nimesoma Amosi nikaguswa na mizani ya udanganyifu, basi kuna mtu ninayemdai au anayenidai, na kuna siku kabla ya Jumamosi.

Basi uchague ipi

Inategemea umesimama wapi sasa. Kama umeumizwa na wahubiri wa tarehe, au unaogopa kila teknolojia mpya, usikimbilie kioo. Kaa na historia mwaka mzima, uuone unabii ukiwa wa watu wenye majina, mpaka hofu itoke. Kioo kikishikwa na mwenye hofu humwonyesha hukumu tupu.

Kama unaonewa, au umefiwa, soma ahadi za Mungu kama mambo atakayoyafanya yeye, nje yako, bila kujitafutia kosa. Isaya 40 kuanzia mwanzo, Ezekieli 37, Ufunuo 21. Hapo una haki ya kuuliza "lini", manabii wenyewe waliuliza "hata lini?" Mwenye tabia ya kujilaumu kupita kiasi naye namtuma kwa Hosea 11 kabla ya nyingine yoyote, aone moyo unaogeuka kwanza ni wa nani.

Kama unaongoza kikundi, gawa muda wako: nusu ya kwanza historia, nusu ya pili kioo. Maswali ya tarehe yapokee kwa heshima, maana yanatoka kwa watu wanaotamani haki ifike, kisha yarudishe kwa lile jibu la Matendo 1:7, kwamba si kazi yetu kujua nyakati wala majira. Na angalia nani hawasemezani.

Bali kama umesoma miaka mingi, unajua falme nne na majuma sabini ya Danieli, na moyoni unajua kwamba hakuna kilichosogea, kwako ndiko kioo kinakokwenda moja kwa moja. Ushauri wangu mmoja wa kazi: usijipe kiti cha shujaa. Katika Yona usiwe Ninawi inayotubu vizuri, uwe Yona aliyekasirika. Katika Yeremia 28 jaribu kiti cha Hanania. Katika Danieli 4 panda juu ya jumba. Nafsi ina ustadi mkubwa wa kujichagulia sehemu nzuri katika hadithi, na ustadi huo ndio kitu cha kwanza ambacho nabii anakuja kukivunja.

Wale wawili wa kikundi chetu hawakupatana kwa muda wote niliowajua. Mmoja alihama, na pembe tulizimaliza bila yeye.

Kwa kuanza ningekupa Yona, sura nne tu, uzisome jioni nne. Kisha Danieli 4 kwa wiki nzima. Kisha Ezekieli 36 na 37 pamoja, ili moyo wa jiwe na mifupa mikavu visomwe bila kutenganishwa. Ufunuo uache mpaka hapo, nao uuanzie kwenye barua saba, si kwenye wanyama. Na utakapoifunga Yona, utaona kitabu kinaishia na swali la Mungu kuhusu mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia. Jibu la Yona halikuandikwa.